Kipeperushi cha Mishumaa ya Hewani

Wenzangu mliobaki ofisini mliniomba, siku ile ya chai ya kuniaga, niandike niliyojifunza katika kazi ya nyuki ili wanaoajiriwa sasa wasianzie sifuri. Nimekaa nyumbani Kipini wiki tatu nikijaribu kuandika kuhusu mizinga, na kila nikianza najikuta nimeandika kuhusu mishumaa. Basi na iwe mishumaa. Ya mizinga mtayapata kwenye vitabu vya mafunzo, ambavyo vingi vimeandikwa na watu wasiowahi kuumwa. Mambo ya vyeo na mishahara nitayaruka. Vyeo vilikuja vichache, na vyote vilichelewa.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Madogo. Nilitoka kwetu kwenye upepo wa bahari nikashuka mahali ambapo bati la ofisi lilianza kutoa mlio kwa joto tangu saa tatu asubuhi. Nilikuwa na cheti kipya, viatu visivyofaa, na hofu moja ambayo sikumwambia mtu: sikuwa nimewahi kufungua mzinga wenye nyuki ndani. Chuoni tulifundishwa kwa mzinga mtupu.

Mkubwa wangu alikuwa Bwana Galgalo, Mworma aliyetoka kwenye ukoo wa wafugaji wa ng'ombe. Namna alivyoishia kwenye nyuki hakuna aliyejua vizuri. Mwenyewe alisema nyuki ndio mifugo pekee ambao hawajawahi kugombanisha watu kisimani. Asubuhi ya kwanza alinipa vitu vitatu: bomba la moshi lililobonyea ubavu, glavu zilizoshonwa upya kwenye vidole, na daftari la shule ambalo kila ukurasa ulikuwa umepigwa mstari katikati, kutoka juu hadi chini.

"Kushoto andika ulichoona," akasema. "Kulia andika ulichoambiwa. Usichanganye."

Tulikwenda kwenye mizinga iliyotundikwa nje ya mji. Nikasimama mbali, nikaandika upande wa kushoto: mzinga wa kwanza una nyuki wengi. Akachukua daftari akasoma.

"Umewaona?"

"Nimewasikia, bwana."

"Basi andika umesikia mvumo."

Kisha akanifundisha moshi. Alijaza bomba kinyesi kikavu cha ng'ombe, akakiwasha, akakifunika, akasubiri mpaka moshi ukawa mweupe na mzito. Akaweka kiganja chake mbele ya mdomo wa bomba, akaniambia nipulize. "Ukiniunguza mimi, umeunguza nyuki. Moshi wa nyuki ni wa baridi. Unawahamisha, hauwaui." Nilipuliza, na moshi ukampita kwenye vidole bila kumdhuru. Siku hiyo niliumwa mara saba. Yeye hakuumwa, na hakunipa pole. Alisema tu kwamba nyuki wanajua mtu anayeogopa, na kwamba mimi ningeogopa maisha yangu yote, kwa hiyo nizoee kufanya kazi nikiwa na hofu. Alikuwa sahihi. Miaka yote hiyo sijapata kufungua mzinga moyo ukiwa umetulia.

Baada ya Madogo nilipelekwa Garsen, na huko ndiko nilikokaa mpaka kustaafu. Eneo langu lilikuwa vijiji vya kando ya mto na delta, kuanzia Hewani kushuka mpaka Kilelengwani. Barabara mnazijua. Kuna misimu ambayo afisa wa nyuki alihitaji mtumbwi kuliko pikipiki.

Kikundi cha wanawake wa Hewani nilikianzisha mimi, au tuseme nilikikuta kimeshaanza nikakiandikisha. Walikuwa wanawake kumi na wanne, na mwenyekiti wao alikuwa Mama Hawaye, mjane, mkulima wa ndizi na mpunga, mtu mwenye sauti ndogo ambayo watu wazima walinyamaza kuisikiliza. Nilimkuta akirina asali na kutupa masega. Nilipomwambia kwamba yale masega ni nta, na nta ni mali, alinitazama kama mtu anayemchezea. Tukayeyusha pamoja kwenye sufuria ya maji, tukachuja kwa kitambaa, tukaacha ipoe mpaka ikaganda juu kama mkate wa manjano. Akainusa.

"Inanuka maua," akasema. "Na sisi miaka yote tunawatupia kuku."

Kisha mto ukafurika. Sitaieleza sana gharika ile. Waliokuwepo wanaikumbuka, na wasiokuwepo watakutana na yao. Migomba ililala, mpunga ukaoza, na wanawake wa Hewani wakabaki na mizinga iliyokuwa juu ya miti. Ndipo Mama Hawaye akaja ofisini akaniuliza kama ile nta inaweza kuwa kitu kikubwa zaidi. Nikasema mishumaa. Tukaimimina kwenye vikebe vidogo, utambi wa pamba katikati. Ilikuwa mizuri kuitazama, na harufu yake ilikaa chumbani hata baada ya kuizima.

Sasa inakuja sehemu ninayoiandika kwa shida. Palitakiwa kipeperushi cha kupeleka kwa wanunuzi, na kipeperushi nilikiandika mimi, kwenye meza yangu, asubuhi moja. Niliandika hivi: Mishumaa ya nta ya nyuki ya Hewani. Joto mara mbili ya mishumaa ya dukani. Haina moshi. Haichafui mazingira.

Mtaniuliza hayo nilikuwa nimeyaona au nimeambiwa. Nilikuwa nimeyasikia kwenye semina, kwa mtu ambaye naye aliyasikia. Na "mara mbili" hata huko semina sikuisikia. Mtoa mada alisema joto ni kubwa zaidi. "Mara mbili" niliiongeza mwenyewe kwa sababu ilipendeza, na kwa sababu migomba yao ilikuwa imelala.

Kipeperushi kikafika mbali kuliko nilivyotaka. Bwana mmoja aitwaye Anwar, msimamizi wa jikoni katika hoteli ya ufukweni upande wa Malindi, alipiga simu. Alitaka vikebe vya kuweka chini ya vyombo vya chakula, vile ambavyo moto mdogo huzuia wali na mchuzi visipoe mezani. Alitaka vingi, kila mwezi, na vya kwanza kabla mwezi haujaisha. Nikakubali idadi hapo hapo, nikawapelekea kina mama wa Hewani, nao wakaanza kumimina; wiki mbili baadaye akapiga tena.

"Lakini bi afisa," akasema, "umeandika joto mara mbili. Mimi joto ndilo nataka. Nipimie uniletee kwenye karatasi, halafu mje Jumamosi tujaribu hapa hapa kwenye meza."

Nikasema hakuna tatizo. Nilipokata simu nilikuta nimeshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Ilikuwa Jumatatu.

Mtu pekee Garsen aliyekuwa na mizani ya kuaminika alikuwa Bwana Jillo, fundi wa maabara katika shule moja ya sekondari, Mpokomo mwembamba aliyevaa koti jeupe hata siku za likizo. Nilimpelekea vikebe vyetu na pakiti ya mishumaa ya dukani siku ya Jumanne. Alisoma kipeperushi chote, akakikunja, akakiweka mfukoni.

"Mara mbili," akasema.

"Ndivyo tulivyoandika."

"Nani tulivyoandika?"

Nikamsogezea vikebe. Akaanza kazi. Nawaeleza alivyofanya kwa sababu mnaweza kufanya wenyewe, na vifaa ni vya kawaida. Alipima maji mililita mia mbili kamili. Akayatia kwenye mkebe wa bati, akautundika kwenye stendi, akachomeka kipimajoto. Akapima mshumaa kwenye mizani, akauwasha chini ya mkebe, akazungusha kipande cha bati pembeni ili upepo usiibe moto. Mshumaa ulipopungua gramu moja akauzima, akakoroga maji na kusoma. Kisha akamwaga, akapoza mkebe, akaanza upya na mwingine. Kila mshumaa mara tatu. Nilimwuliza kwa nini tatu. Akasema mara ya kwanza ni bahati, ya pili ni ubishi, ya tatu mtu anaweza kuandika.

Mshumaa wa dukani ulipandisha maji kama nyuzi ishirini na moja. Wetu ulipandisha kumi na tisa. Akarudia, ikawa vilevile, kwa tofauti ndogo ya hapa na pale.

"Sio mara mbili," akasema. "Si hata sawasawa. Mko chini kidogo."

Nikamwambia labda mizani. Akaweka juu yake jiwe la kupimia, mizani ikasoma sawa. Nikamwambia labda utambi. Akakubali kwamba utambi unaweza kubadilisha kasi ya kuungua, lakini gramu ni gramu. Alinieleza kwa upole, na upole wake ulinitia wasiwasi zaidi kwa sababu hakuwa mtu mpole. Nta ya dukani, alisema, imetokana na mafuta yanayochimbwa ardhini, na yale mafuta kila chembe yake inaungua. Nta ya nyuki ndani yake mna kiasi kidogo ambacho ni kama kimeshaungua nusu, kwa hiyo joto lake linapungua kidogo. Wala si aibu. Ndivyo ilivyoumbwa.

"Lakini haichafui," nikasema.

"Zote zinatoa hewa ya ukaa. Tofauti ni kwamba ya dukani inatoa ukaa uliokuwa umelala chini ya ardhi tangu zamani sana, na ya kwako inarudisha ukaa ambao maua yaliuvuta msimu uliopita. Hilo ni jambo zuri na ungeliandika hivyo. Ila tuangalie masizi."

Akachukua visahani viwili vyeupe, akashika kila kimoja juu ya mwali mmoja kwa muda uleule. Kisahani cha mshumaa wa dukani kilipata ukungu wa kijivu. Kisahani chetu kilikuwa cheusi kama sufuria ya mkaa. Kisha Jillo akavunja kikebe kingine, akayeyusha nta yake kwenye maji ya moto, akaiacha itulie. Chini ya maji palijikusanya unga mweusi. Akaunyanyua kwa kibanio akauweka chini ya lenzi, akanisogezea nitazame. Ulikuwa majivu, na katikati ya majivu palikuwa na bawa la nyuki, limejikunja kwa moto.

"Nyuki hawa hawakuhamishwa," akasema. "Walichomwa."

Wanawake wa Hewani niliwafundisha mimi kutumia bomba la moshi, na mizinga yao niliijua mmoja mmoja. Nta ile haikutoka kwenye mizinga yao. Nilifika Hewani Jumatano asubuhi na nilikuwa nimeshapanga maneno, lakini nilipomkuta Mama Hawaye ameketi akikata tambi za mishumaa, maneno yakapotea.

"Mama, hii nta imetoka wapi?"

"Hapa hapa kwetu."

"Kwenye mizinga yenu?"

Hakuinua macho. "Afisa, ulisema vikebe vingapi? Na mwisho wa mwezi? Mizinga yetu uliihesabu mwenyewe. Unafikiri nyuki wanasikia simu?"

Nikaketi. Ni kweli, idadi niliikubali mimi kwenye simu, bila kumwuliza yeye wala kupiga hesabu ya nta. Akaniambia kilichobaki bila kuficha: nta yao wenyewe ilitosha sehemu ndogo tu, kwa hiyo waliongezea ya kaka yake, Maro, ambaye tangu ujana wake alirina asali ya mwituni kwenye msitu wa kando ya mto. Alimwita, Maro akaja. Alikuwa mtu wa umri wangu, mrefu, na mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye kidole. Nilimwomba anipeleke.

Tulitembea sisi watatu. Msitu ule mnaujua, miti mikubwa iliyobanwa kati ya mto na mashamba, na mbega wekundu juu ambao watafiti huja kuwahesabu. Mahali aliponipeleka hapakuwa na mbega. Mti wenye pango la nyuki ulikuwa umesimama mweusi mpaka kwenye matawi, na chini yake minyaa na mikindu michanga ilikuwa imeungua, eneo la ukubwa wa uwanja wa shule. Moto ulikuwa umeishia kwenye tope la mfereji uliokaribia kukauka. Pasingekuwa na tope lile, sijui ungeishia wapi. Upande wa pili wa mfereji yalianza mashamba, na baada ya mashamba nyumba.

"Nilishika kijinga cha moto kama siku zote," Maro akasema. "Nikakisogeza kwenye tundu. Majani yalikuwa makavu kuliko nilivyodhani. Likadondoka kaa moja. Nilijaribu kulizima kwa mkono."

"Mti mmoja tu?"

Akaelekeza kidole ndani zaidi ya msitu. "Mitano. Huu ndio uliowaka."

"Kwa nini mitano, Bwana Maro?"

"Dada yangu alisema afisa anataka nta nyingi."

Nilitoa daftari nikaandika upande wa kushoto: mti mmoja umeungua, ardhi imeungua mpaka mferejini. Mkono haukutaka kuendelea. Nilijua lazima nitoe taarifa kwa wanaolinda msitu, na nilijua jina litakaloulizwa. Mama Hawaye alikuwa akinitazama ninavyoandika.

Njiani kurudi tukapatana, yeye na mimi. Nta ya Maro itawekwa kando. Jumamosi tutachukua vikebe vya nta safi peke yake, nami nitamwambia Bwana Anwar ukweli wa joto, kwamba si mara mbili. Habari ya moto wa msituni itabaki Hewani mpaka Maro mwenyewe aende akaseme kwa walinzi wiki inayofuata, mkono ukipona kidogo. Nilikubali. Nataka mjue kwamba nilikubali kwa mdomo wangu.

Alhamisi Jillo alipima ile nta safi. Joto lilikuwa lilelile, kumi na tisa. Kisahani kilibaki karibu cheupe, cheupe kuliko hata cha mshumaa wa dukani. Nilifarijika kwa muda wa kunywa chai, kisha wasiwasi ukarudi. Ijumaa sikula. Nilikuwa najiuliza atakachouliza na nitakachojibu, na kila jibu nililolitunga lilikuwa na mlango wa nyuma.

Jumamosi tulikwenda na gari la ofisi, mimi na Mama Hawaye, na vikebe kwenye sanduku lililofunikwa majani ya mgomba ili nta isiyeyuke. Bwana Anwar alikuwa mtu mnene, mstaarabu, mwenye taulo begani. Aliweka vyombo viwili vya mchuzi sawasawa, kimoja juu ya mishumaa yake ya zamani, kingine juu ya yetu, akaangalia saa. Mimi niliketi nimeshika karatasi ya Jillo mpaka ikalowa jasho.

Mchuzi wa upande wetu ulipoa mapema. Haukupoa sana, lakini ulipoa. Mwali wetu ulikuwa mdogo na uliungua polepole. Ungedumu zaidi, lakini yeye hakutaka mwali wa kudumu, alitaka mchuzi wa moto. Alichovya kijiko kwenye chombo kimoja, kisha kingine, akafuta mdomo.

"Bi afisa, mara mbili iko wapi?"

"Haipo," nikasema. "Niliiandika bila kupima. Kosa ni langu, si la hawa kina mama."

Nikampa karatasi. Akaisoma mpaka mwisho, na uso wake haukubadilika. Kisha akachukua kikebe chetu akakinusa, kama alivyofanya Mama Hawaye siku ya kwanza.

"Kwa moto hakinifai. Lakini kwenye meza za wageni, kwa mwanga na harufu, ningechukua kidogo. Wageni wetu wanapenda kitu kisichoharibu mazingira. Hilo umelipima pia? Hii nta mnaipataje?"

Lilikuwa swali la kawaida. Ningeweza kusema inatoka kwenye mizinga, na kwa vikebe vile vilivyokuwa mezani ingekuwa kweli. Mama Hawaye alikuwa amekunja mikono mapajani. Nikafungua mdomo kusema mizinga, nikajisikia naeleza habari ya msitu, mti, mfereji wa tope, na nta iliyowekwa kando. Jina la Maro sikulitaja. Nikasema mvunaji mmoja. Lakini niliposema hivyo nilimtazama Mama Hawaye, na Bwana Anwar akafuata macho yangu, akaelewa.

Alitushukuru. Akasema kwa sasa hawezi kuweka jina la hoteli kwenye kitu chenye habari ya msitu kuungua, tuzungumze mambo yakitulia. Alitufungia samaki wa njiani. Hakuna kati yetu aliyemla.

Tulipofika njiapanda ya Hewani, Mama Hawaye alishuka, akachukua sanduku lake. Nilishuka nimsaidie, akalishika kwa nguvu.

"Tulikubaliana," akasema.

"Aliniuliza, mama."

"Alikuuliza nta ya mezani. Ya mezani ilikuwa safi." Sauti yake ilikuwa ileile ndogo. "Uongo uliuandika wewe bila kutuuliza. Na ukweli umeusema bila kutuuliza. Sisi tuko wapi hapo?"

Akageuka na sanduku lake, akashika njia ya kwao. Nimeligeuza jambo lile mara nyingi. Nadhani nilipaswa kumjibu Bwana Anwar ukweli, na nadhani nilipaswa kumwambia Mama Hawaye, kabla hatujaingia kwenye gari, kwamba mimi siwezi kutunza ahadi ile. Badala yake niliahidi kwa sababu nilimwogopa, nikavunja kwa sababu nilijiogopa.

Maro hakungoja mkono upone. Jumatatu alikwenda mwenyewe kwa walinzi wa msitu na dada yake pembeni. Walimkemea, wakamwandika, wakamtaka afanye kazi pamoja nao ya kusafisha njia ya kuzuia moto, na akaifanya, kwa mkono mmoja mwanzoni. Mimi niliandika taarifa yangu yote, pamoja na kipeperushi na simu niliyoipokea, nikaituma kwa wakubwa. Nilingoja kuitwa. Kila gari lililosimama nje ya ofisi nilidhani limenifuata mimi. Sikuitwa kamwe, na sijui kama kuna aliyeisoma.

Kipeperushi nilikusanya nakala zote nilizoweza kuzipata, nikaandika kingine. Jillo alinisaidia. Kilisema nta ya nyuki inatoa joto pungufu kidogo kuliko mshumaa wa dukani, inaungua polepole, ina masizi machache ikichujwa vizuri, na kwamba uzuri wake kwa mazingira unategemea ilivyorinwa. Jillo alisema hakijawahi kuandikwa kipeperushi kibaya kama hicho cha kuuzia kitu. Alikipigilia ukutani maabara.

Hewani nilikwenda mara tatu msimu ule. Mara zote walinipa kiti na chai, na hakuna aliyeketi nami. Mara ya tatu Maro alinikuta nikiondoka. Akaniuliza, kama mtu anayeuliza njia, lile bomba linajazwa nini. Nikarudi, nikalijaza kinyesi kikavu, nikaliwasha, nikaweka kiganja changu mbele ya mdomo wake nikamwambia apulize. Alipuliza kwa woga, akiutazama mkono wangu. Aliponiona sishtuki, akaweka wa kwake, ule wenye kovu. Alikaa hivyo muda mrefu moshi ukimpita. Wanawake walikuwa wakitazama kutoka kwenye jiko. Hawakuja, lakini hawakugeuka.

Baada ya hapo ikapita zaidi ya mwaka, nami nikaanza kukusanya karatasi zangu kwa ajili ya kustaafu. Kina mama wa Hewani niliwaachia nafasi, kwa maana nilidhani kazi yangu na Hewani imekwisha na imekwisha vibaya. Mnapostaafu mtaona: mambo yaliyokwenda vizuri huyakumbuki usipoulizwa, na lile lililoharibika linakaa nawe mezani kila siku.

Wiki ya mwisho, asubuhi, mlango wa ofisi ukafunguliwa bila kubishwa. Alikuwa Mama Hawaye, na nyuma yake wanawake wawili wa kikundi na Maro. Alikuwa na kitu kizito ndani ya kanga. Tukasalimiana, tukaulizana habari za nyumbani na za mashamba, mmoja mmoja, kama inavyotakiwa. Kisha akaweka mzigo juu ya meza yangu akaufungua. Ilikuwa nta, mkate mkubwa, manjano yake imetakata mpaka unaona kivuli cha kidole upande wa pili.

Nikaanza kusema ni nzuri sana. Akanyoosha mkono kunizuia, akavuta kiti, akaketi. Wenzake nao wakaketi.

"Usitusifie," akasema. "Tuambie mabaya yake kwanza. Sisi ndio tuambiwe kwanza."

Nikainuka kutafuta lenzi. Nikarudi nayo mezani, naye akaivuta ile nta karibu yangu zaidi.